Je, Mkristo aweza kuijua siku ya kurudi kwa Kristo?

Na Mwandishi Wetu

LUNGA LUNGA ni mji wa wasafiri. Hapa ndipo barabara kuu itokayo Likoni inapokoma upande wa Kenya, na mbele yake kidogo ni Horohoro, katika Mkoa wa Tanga nchini Tanzania. Mchana kutwa malori na mabasi hupanga foleni katika kituo cha mpakani, na abiria hungoja zamu zao wakiwa na stakabadhi mkononi. Msafiri hajui ataitwa saa ngapi. Ajualo ni kwamba ataitwa, na kwamba asiye na stakabadhi hatavuka.

Wakristo wa mji huu, ambao ni wachache miongoni mwa majirani zao Waislamu, wanaingoja pia safari nyingine. Kama Wakristo wenzao kote duniani, wanakiri kwamba Yesu Kristo aliyepaa mbinguni atarudi tena kwa hukumu. Kuhusu kurudi kwenyewe hawana shaka. Swali linalowagawanya waumini, na ambalo kila baada ya miaka michache huibuka upya katika mikutano ya injili na siku hizi katika simu za mkononi, ni moja: atarudi lini, na je, muumini aweza kuijua siku hiyo mapema?

Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la wanazuoni, wananchi wa kawaida wana shida nyingine za kushughulikia. Katika Pwani ya Kenya hatuwezi tena kusema hivyo. Swali hili limekwisha kugharimu maisha ya mamia ya watu.

Funzo la Shakahola

Mnamo Aprili 2023, maafisa wa usalama walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa Lunga Lunga. Miezi ilipopita, hesabu ya miili iliyotolewa ardhini ilizidi 400. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Baadhi yao, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa, kukosa hewa au kupigwa.

Waliofukuliwa walihusishwa na kanisa la Good News International, lililoanzishwa Malindi mwaka 2003 na mhubiri Paul Nthenge Mackenzie. Kanisa hilo lilifungwa mwaka 2019, na baadaye wafuasi wengi wakahamia msituni. Mahubiri yake yalijulikana kwa kupinga elimu ya shule na matibabu ya hospitali, na pia Huduma Namba, ambayo mwaka 2019 baadhi ya wahubiri waliiita alama ya mnyama anayetajwa katika kitabu cha Ufunuo.

Kulingana na maelezo ya baadhi ya waliokuwa wafuasi, waumini waliambiwa kwamba mwisho wa dunia umekaribia, na kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu kabla ya dhiki kuu. Maelezo hayo yalitaja hata utaratibu: watoto watangulie, wafuate vijana na wanawake, kisha wanaume, na viongozi wawe wa mwisho. Mackenzie na wenzake walipofikishwa mahakamani mwaka 2024 kwa mashtaka yakiwamo mauaji, kuua bila kukusudia na ugaidi, waliyakana yote.

Msiba huo haukukoma hapo. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, eneo la Chakama katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, na miili zaidi ya 30 ikapatikana.

Ni kosa kuwadharau waliokufa kwa kusema kwamba walikuwa wajinga. Miongoni mwa walioingia Shakahola walikuwamo watu waliosoma na waliokuwa na kazi nzuri. Walikuwa waumini waliomtamani Bwana wao, wakamsadiki mtu aliyedai kuijua ratiba yake. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuuliza: je, ratiba hiyo yaweza kujulikana?

Maandiko yasemavyo

Jibu la Biblia kwa swali hili ni fupi kuliko vitabu vyote vilivyoandikwa kulijibu. Wanafunzi wa Yesu walimwuliza swali hili hili wakiwa katika Mlima wa Mizeituni, kama inavyosimuliwa katika Mathayo sura ya 24, Marko sura ya 13 na Luka sura ya 21. Aliwaeleza mambo mengi: vita, njaa, matetemeko ya ardhi, mateso ya waumini na manabii wa uongo. Lakini alipofikia siku na saa, alisema waziwazi kwamba hakuna aijuaye. Marko 13:32 inaongeza jambo la kushangaza zaidi: malaika hawaijui, na hata Mwana mwenyewe, ni Baba peke yake.

Baada ya kufufuka, wanafunzi walimwuliza tena, safari hii juu ya kurejeshwa kwa ufalme wa Israeli. Jibu lake katika Matendo ya Mitume 1:7 lilikuwa kwamba si kazi yao kuzijua nyakati ambazo Baba ameziweka katika mamlaka yake. Mara tu baada ya maneno hayo akawapa kazi: wawe mashahidi wake kuanzia Yerusalemu hadi mwisho wa dunia. Waliomba tarehe, wakapewa wajibu.

Mtume Paulo naye aliandika katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, kwamba siku hiyo itakuja kama mwizi ajavyo usiku. Mfano huo unarudiwa katika waraka wa pili wa Petro na katika Ufunuo. Kila mwenye duka la Lunga Lunga anauelewa bila kufafanuliwa. Mwizi hatoi taarifa. Anayejilinda hufunga mlango wake kila usiku.

Inafaa kukumbuka kwamba katika jambo hili Wakristo wa Kwale hawako mbali na majirani zao. Neno lenyewe Kiyama, ambalo Wakristo wanalitumia kwa Kiswahili, limetoka katika Kiarabu, na Qurani nayo inafundisha kwamba ujuzi wa Saa hiyo uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Dini hizo mbili zinatofautiana katika mengi kumhusu Yesu, lakini zote mbili zimemnyima mwanadamu tarehe.

Majira na tarehe

Hapa muumini makini atauliza: kama siku haijulikani, dalili zilitolewa za nini? Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtini, akasema kwamba majani yake yachipukapo, watu hutambua kwamba wakati wa mavuno umekaribia.

Mtu wa Pwani ana njia nyepesi ya kulielewa jambo hili. Wavuvi wa Vanga na Jimbo wanazijua pepo zao. Wanajua kwamba kaskazi itavuma miezi ya joto, na kwamba baadaye itaipisha kusi, bahari ichafuke na masika yaanze. Mkulima naye huandaa shamba kabla ya mvua kwa sababu anayajua majira. Lakini hakuna mvuvi wala mkulima awezaye kuitaja, mwaka mmoja kabla, tarehe ya tone la kwanza. Anayengoja kuambiwa tarehe ndipo ashike jembe hatavuna kitu.

Dalili za Mathayo 24 zinafanya kazi kwa namna hiyo. Zinamkumbusha muumini kwamba dunia hii si ya kudumu. Tena vita, njaa na matetemeko vimekuwapo katika kila karne, na Yesu mwenyewe alionya kwamba watu wasitishike wayaonapo, kwa kuwa ule mwisho ungali bado. Anayechukua habari za vita za wiki hii akazigeuza kuwa hesabu ya siku anafanya jambo ambalo sura hiyo hiyo inalikataza.

Mwaka 1844 na watu wawili

Historia ina orodha ndefu ya waliojaribu. Katika karne ya tano, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, aliwasihi waliokuwa wakihesabu miaka ya mwisho kwa vidole waviache vidole vyao vipumzike. Hawakumsikiliza, wala waliowafuata hawakusikiliza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti nchini Marekani. Miller alisoma habari za siku 2,300 katika Danieli 8:14, akachukulia kila siku kuwa mwaka, akaanza kuhesabu tangu mwaka 457 kabla ya Kristo. Hesabu hiyo ilimfikisha kwenye miaka ya 1843 na 1844. Hatimaye wafuasi wake walishikilia tarehe moja: Oktoba 22, 1844. Makumi ya maelfu waliamini. Wapo walioacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Usiku ulipita, kukapambazuka, na siku hiyo ikabaki katika historia kwa jina la Masikitiko Makuu.

Mwaka huo huo wa 1844, mtu mwingine aliyemngoja Kristo yule yule alikuwa katika pwani yetu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la Uingereza la CMS, alifika Mombasa akiwa na mkewe Rosine. Mnamo Julai aliwazika mkewe na mtoto wao mchanga. Badala ya kukata tamaa, aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri sehemu za Biblia, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo cha Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882.

Tukiwalinganisha watu hao, hatuna haja ya kumkejeli Miller, ambaye aliungama kwamba hesabu yake ilikosea. Wala Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863 na baadhi ya waliopitia masikitiko yale, na ambalo leo lina waumini wengi Afrika Mashariki, halipangi tarehe ya kurudi kwa Kristo. Lakini ni wazi ni kazi ipi iliyodumu. Tarehe ilidumu hadi alfajiri ya Oktoba 23. Kazi ya lugha iliyoanzia Mombasa mwaka ule bado inatunufaisha.

Waliofuata walikuwa wengi. Mashahidi wa Yehova walikuwa na matarajio makubwa kuhusu mwaka 1914, na tena mwaka 1975. Mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, alitangaza Mei 21, 2011. Siku ilipopita akasogeza hadi Oktoba 21. Mwaka uliofuata alikiri hadharani kwamba kupanga tarehe kulikuwa dhambi. Septemba 2025, video za mhubiri mmoja wa Afrika Kusini zilienea duniani kupitia mitandao ya kijamii zikitaja tarehe 23 na 24 za mwezi huo kuwa siku za unyakuo. Siku hizo nazo zilipita kama nyingine.

Hoja za wapanga tarehe

Haitoshi kuwacheka. Wana hoja, na muumini anayekutana nazo kwa mara ya kwanza aweza kuyumba.

Hoja ya kwanza husema: Yesu alificha siku na saa, hakuficha mwaka wala mwezi. Matendo 1:7 inaifunga njia hiyo, kwa kuwa pale hazitajwi siku na saa pekee. Yanatajwa majira yote kwa jumla.

Hoja ya pili hutumia 1 Wathesalonike 5:4, ambapo Paulo anawaambia waumini kwamba wao hawamo gizani hata siku ile iwanase ghafla. Je, si kusema kwamba wao wataijua? Ukisoma mistari inayofuata utaona maana yake. Paulo anazungumzia kuwa na kiasi, imani, upendo na tumaini. Aliye macho hanaswi kwa sababu yuko macho, hata kama hajui mgeni atabisha saa ngapi.

Hoja ya tatu hudai ufunuo mpya: Mungu hufunua siri zake kwa manabii, na nabii huyu amefunuliwa. Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo rahisi. Nabii akinena jambo kwa jina la Bwana na lisitokee, neno hilo halikutoka kwa Mungu. Ubaya wa kipimo hiki ni kwamba hukamilika baada ya tarehe kupita, na kuna tarehe ambazo watu hawaishi kuziona zikipita.

Tarehe inapopita

Tarehe ikishindwa, kwa kawaida hutokea moja kati ya mambo manne. Mhubiri hukiri kosa. Hilo ni nadra. Ama hupanga tarehe nyingine. Ama hudai kwamba jambo lilitokea rohoni bila kuonekana. Ama huwalaumu waumini kwa uchache wa imani yao. Hatari kubwa ni pale kundi limekwisha kukata kamba zote za kurudi nyuma: mashamba yameuzwa, watoto wametolewa shuleni, ndugu wa nje wameitwa maadui.

Afrika Mashariki ilikwisha kuonywa kuhusu hatari hiyo miaka 23 kabla ya Shakahola. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kundi lililojiita Harakati za Kurejesha Amri Kumi za Mungu, likiongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, liliwaambia wafuasi kwamba dunia ingekwisha na mwaka 1999. Januari ya mwaka 2000 ilianza kama kawaida. Inaelezwa kwamba baadhi ya waumini walianza kudai mali walizokuwa wametoa. Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigwa misumari. Baadaye miili mingine mingi ilipatikana katika majengo ya kundi hilo.

Vipimo vya muumini

Je, Mkristo wa Lunga Lunga, au wa Msambweni, Ukunda na Kinango, afanye nini anapoletewa tarehe? Maandiko yake yampa vipimo ambavyo hahitaji chuo cha theolojia kuvitumia.

Kwanza, atazame anaombwa aache nini. Katika mifano ya Mathayo 24 na 25 na Luka 12, mtumishi anayesifiwa ni yule ambaye bwana wake amkuta akifanya kazi yake: akiwalisha walio chini yake, akiizalisha talanta yake, taa yake ikiwa na mafuta. Fundisho linalomtaka mzazi aache kumlisha mtoto linamwondoa kwenye kazi ile ile ambayo Bwana wake alitaka amkute nayo.

Pili, aangalie mali zinakwenda kwa nani. Anayeamini kweli kwamba dunia itakwisha mwezi ujao hana haja ya hatimiliki ya shamba la mwenzake.

Tatu, achunguze kama anaruhusiwa kuuliza. Kitabu cha Matendo kinawasifu watu wa Beroya kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama hata mahubiri ya Paulo yalikuwa kweli. Mhubiri anayekataza maswali amejiweka juu ya Paulo.

Nne, akumbuke Wathesalonike. Katika waraka wa pili Paulo aliwaonya wasifadhaishwe na uvumi kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na akawaamuru walioacha kazi warudi kazini wajilishe wenyewe. Katika mji wa mpakani, ambako mtu bila kitambulisho hawezi kuvuka kwenda kuuza nazi au korosho zake, fundisho la kuchoma vitambulisho kwa kuhofia alama ya mnyama ni njia ya mkato ya kuifikisha familia kwenye njaa.

Sheria nayo ina nafasi yake. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinalinda uhuru wa dini, na hakuna afisa mwenye haki ya kumzuia Mkristo kungoja ujio wa pili. Lakini Kifungu cha 26 kinalinda uhai, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, matibabu na elimu ya msingi. Mtoto hakuchagua tarehe ya mtu yeyote. Jirani anayeona watoto wamefichwa, wamekonda au wametolewa shuleni kwa jina la unyakuo ana wajibu wa kumwarifu chifu, mzee wa mtaa au polisi mapema, kabla jambo halijafikia majembe na makaburi.

Kungoja bila kuhesabu

Basi jibu la swali letu ni kwamba Mkristo hawezi kuijua siku ya kurudi kwa Kristo, na hakuahidiwa kuijua. Hili halimpunguzii tumaini lake. Kama tarehe ingejulikana, wengi wetu tungeishi tupendavyo hadi wiki ya mwisho, kisha tukaanza kutubu kwa pupa. Kwa kuwa haijulikani, kila siku ina uzito sawa: ya kulipa deni, ya kusameheana na ndugu, ya kumpeleka mtoto zahanati.

Abiria aliye na stakabadhi zake kamili pale mpakani haulizi kila dakika ataitwa saa ngapi. Hununua chai, humsaidia mama aliyeketi kando yake kubeba mzigo, hutuliza mtoto wake. Jina lake litakapoitwa atainuka na kwenda. Na mtu akipita katika foleni akinong'ona kwamba yeye anaijua saa, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha atakuonyesha njia ya kupitia msituni, mwenyeji wa Lunga Lunga anajua vema la kumjibu.